Kitabu cha Kungojea Lori

Ndiyo, ni yeye aliyenitoa kwa mume wangu. Naanza na hilo ili wanaonisengenya nyuma ya kanisa wakose kazi.

Alikuwa karani wa chai katika kituo chetu, upande wa Nyamira, na kwa miaka yote niliyomjua tulimwita Karani, basi. Alikozaliwa sijui. Ukoo wake sikuuliza, na huku kwetu kutouliza ukoo wa mtu ni ajabu, lakini yeye hakuwa mtu wa kuulizwa. Yeye ndiye aliyeuliza. Ukitundika kikapu chako kwenye mizani, alikutazama juu ya miwani: "Hii umechuna kwa mkono ama kwa panga?" Halafu mbele ya watu wote akaanza kutoa majani makubwa, moja moja, akiyatupa chini. "Hii ni kuni. Hii ni kuni. Hii mpelekee mbuzi."

Watu wanasema alituharibu kwa kitabu cha Wazungu. Mimi ndiye wanayenitolea mfano, kwa hivyo mimi ndiye nitakayesema alivyotuharibu.

Kituo chetu ni banda la mabati lisilo na kuta. Kupima kulikwisha saa nane mchana. Lori la kiwanda lilipaswa kufika saa tisa, na tangu nianze kuchuna chai sikuwahi kuliona saa tisa. Huwezi kwenda nyumbani, maana lori likikosa kuja kila mtu hubeba majani yake arudi nayo, na yule ambaye hayupo, yake yanabaki hapo yakichomeka kwa joto lake yenyewe. Basi tunakaa. Wanawake ishirini juu ya magunia, watoto mgongoni, vijana wawili wa kupakia wamelala kwenye kivuli.

Hapo ndipo Karani alipotoa kitabu. Kilikuwa riwaya ya Kiingereza ya zamani, ya mapenzi, amekifunika kwa karatasi ya pakiti ya unga kwa sababu jalada lake lilikuwa limekufa kitambo. Alisema alikipata shuleni. Kama alipewa, hakusema. Alilamba kidole, akafungua, akasoma kimoyomoyo akifuata mstari kwa ukucha, halafu akainua macho akatupa maneno kwa Kiswahili. Kiswahili, kwa sababu ya Mama Akinyi, mke wa fundi wa redio, aliyetoka upande wa ziwa na hakusikia Ekegusii vizuri. Palipokuwa patamu sana Karani alisahau, akaingia Ekegusii, na Mama Akinyi akapiga gunia kofi: "Rudi huku. Umeniacha barabarani."

Majina ya Kiingereza yalimshinda ulimi, au alituhurumia sisi, sijui. Katika hadithi yake kulikuwa na Msichana, na kulikuwa na Bwana wa Nyumba ya Mawe. Msichana hana kitu, anaishi kwa mjomba wake. Bwana ana mashamba mpaka macho yanachoka. Siku moja anakuja kumwomba amwoe, lakini anamwomba akiwa juu ya farasi. Hashuki. Anasema kama mtu anayeagiza mbolea, kwamba ameshaamua, na msichana afunge vitu vyake.

"Hata kushuka hakushuka?" Mama Akinyi aliuliza, kila mara, kana kwamba ni mpya.

"Hakushuka."

"Na msichana?"

"Msichana alimwangalia farasi. Akasema hapana."

Lo, hiyo hapana. Ungesikia wanawake wakivuta pumzi. Wengine wetu tulikuwa na watoto watatu na hatujawahi kuitamka hata kwa muuza dagaa.

Baada ya hapo msichana anateseka, mjomba anamfukuza, majira ya baridi yanaingia. Neno la theluji Karani hakuliamini, akaona hatutaelewa, akasema ni mvua ya mawe iliyoanguka na kukataa kuyeyuka kwa miezi mitatu. Hilo lilituumiza kuliko mapenzi yote. Sisi mvua ya mawe ikianguka robo saa, chai yako inabaki vijiti tu, unakaa wiki nyingi bila kuchuna. Miezi mitatu? Mama mmoja wa karibu na Magwagwa aliuliza kwa sauti ya matanga, "Na mashamba ya yule bwana?" Karani akajibu bila kusita, "Yaliisha yote." Nadhani hapo ndipo tulipoanza kumsamehe bwana.

Kisha, mvua ya mawe ikiwa bado chini, bwana anarudi. Safari hii amekuja kwa miguu, matope mpaka magotini, kofia mkononi. Nyuma yake, Karani alisema, wanakuja wazee wa kwao na ng'ombe.

Halafu anamwomba. Na kabla msichana hajajibu, Karani alifunga kitabu pap. "Lori limefika."

Mara nyingine lilikuwa limefika kweli. Mara nyingine lilikuwa bado liko mbali kwenye kona, tunasikia gia tu. Tulimtukana. Alikwishatundika miwani kifuani, ameshika kalamu yake, uso wa serikali. Jibu la msichana tulilipata kesho yake, likisemwa haraka kama tangazo la kanisani, na siku chache baadaye kitabu kilianza upya toka ukurasa wa kwanza.

Nilimuuliza Mama Akinyi mara moja, "Wewe umesikia hii hadithi mara ngapi? Si unajua anakubali?"

"Najua."

"Sasa unangoja nini?"

"Nangoja siku atakataa. Huyo msichana ana kichwa. Siku moja atachoka naye."

Hakuwa anatania. Nilimwona kila mara bwana alipofika na matope yake, alivyokaza mikono kwenye leso.

Karani alikuwa Msabato wa kweli, si wa viatu tu. Jumamosi hagusi kitabu. "Sabato si siku ya riwaya." Lakini tukitoka kanisani pamoja alinishika mkono akaniambia, "Nimekuwa nikifikiri. Yule mjomba hakuwa mbaya, alikuwa mwoga," na tukatembea mpaka njia panda tukimhukumu mjomba. Nikamkumbusha ni Sabato. "Sijasoma," akasema. "Kufikiri hakujakatazwa."

Alikuwa mkali kwa wasichana waliokuja na kucha zilizopakwa rangi, na yeye mwenyewe alikuwa na chupa ya rangi ndani ya mkoba, niliiona. Alituhubiria mwanamume anayeomba vizuri, na mumewe alikuwa fundi viatu mpole, hana maneno, ambaye kila siku yenye mawingu alikuja kumchukua kazini na mwavuli mkubwa mweusi wenye ubavu mmoja uliovunjika. Mama Akinyi hakumwacha. "Karani, na huyu wako alikuombaje?"

"Hakuomba."

"Kumbe."

"Alisimama barabarani na huo mwavuli. Mvua ikanyesha hapo kwangu, na hapo kwake chini ya mwavuli haikunyesha. Nikaenda hapo kwake." Akafikiri. "Na hata leo sijui angesema nini kama jua lingewaka."

Alicheka, lakini mimi niliyekuwa karibu niliona hakufurahi.

Sasa mambo yangu. Mimi nilimaliza kidato cha nne na alama za kutosha kusoma barua na kukasirika. Baba Moraa, huyo mume wangu, ni fundi wa mawe. Alikuwa akijenga duka hapo mjini Nyamira, na mimi nilikuwa nimempelekea uji. Alikuwa juu ya mbao za ujenzi, mwiko mkononi. Akaniambia kutoka huko juu, "Kesho uje na vitu vyako, mvua inakaribia." Basi. Nikaenda. Kwetu wanasema nimeingia tu. Hakuna aliyekwenda kwa baba yangu, hakuna mzee aliyetumwa, hakuna aliyeniuliza kitu. Nikazaa Moraa, nikachuna chai ya mama mkwe miaka mitatu. Mama yangu alikuwa na swali moja tu, la kunilaza macho: "Ukifa leo utazikwa wapi? Kwao hawakukuoa, kwetu ulishatoka."

Siku nyingi nilisikia habari ya farasi nikacheka na wengine. Halafu mchana mmoja wa kawaida, kikapu kikiwa kati ya magoti, Karani akasema, "Hakushuka," nami nikaona zile mbao za ujenzi. Nikaona soli za viatu vyake nikiwa chini nimeinua uso na birika la uji. Sikulia. Nilipata hasira ambayo haijaisha mpaka leo, na nisingependa iishe.

Nikaenda nyumbani, nikamwambia, "Hujawahi kuniomba."

Akasema, "Kukuomba nini, na uko hapa?"

Nikafunga Moraa mgongoni nikarudi kwa wazazi wangu, ng'ambo ya Magwagwa. Ujumbe wake ulinikuta kwenye simu kabla sijafika: "Rudi. Mtoto amezoea huku." Mtoto. Sikujibu.

Baba yangu hakunifukuza lakini alitembea uani akisema na kuku. "Kitabu. Mke ameacha mume kwa sababu ya kitabu. Cha nani? Cha Waingereza. Wao wenyewe wanaachana kila siku." Mama mkwe akatuma maneno kwamba Karani ashtakiwe kiwandani. Wanawake wa kanisa wakaniombea kwa sauti ya juu, nikiwa ndani, kama mgonjwa. Nami kila mtu nilimjibu lilelile: hata yule bwana, na mashamba yake yote, alileta ng'ombe akaomba. Baba Moraa ni nani?

Miezi ikapita. Siku moja nilikuwa sokoni Daraja Mbili nikichagua nguo za mitumba za Moraa, na pembeni ya rundo la viatu palikuwa na boksi la vitabu. Kilikuwepo. Nilipopekua nikakuta mjomba, farasi, nyumba ya mawe: riwaya ileile, na jalada lake zima. Nikainunua badala ya sweta, na Mungu anisamehe, mtoto alikuwa na lingine.

Niliisoma wiki tatu na kamusi ya shule. Nikafika anaporudi. Matope yapo. Kofia ipo. Ng'ombe hakuna. Nikarudi nyuma kurasa kumi, nikaenda mbele kurasa kumi. Hakuna wazee, hakuna ng'ombe, hakuna hata mkia. Tena mbele kidogo nikakuta ni mjomba wa msichana ndiye anayetakiwa kumpa bwana pesa ili amchukue.

Nikaenda kituoni na hasira mbili, ya zamani na mpya. Wamekaa, wanangoja lori. Sikusalimu.

"Karani, ng'ombe wako wapi?"

"Ng'ombe gani, mwanangu?"

"Wa Bwana wa Nyumba ya Mawe. Nimesoma kitabu chote. Hakuna ng'ombe. Ni mjomba anayelipa."

Mama Akinyi akadakia: "Ati nani analipa? Kwani msichana ana kasoro gani?" Na hata vijana wa kupakia wakaamka.

Karani alivua miwani. Ni mara pekee niliyomwona akitafuta maneno. "Unaona huyu," akasema, akimwelekeza Mama Akinyi kwa kalamu. "Ningeyasema, mngeuliza kasoro mpaka lori lifike, na msichana mngemsahau. Nilitaka mjue kwamba amekuja kweli. Kwetu mtu anakujaje kweli? Ng'ombe niliwaleta mimi."

"Nimemwacha mume kwa uongo wako."

"Ulimwacha kwa sababu ya ng'ombe?"

Wanawake ishirini wananitazama.

"Hapo anaporudi," akasema polepole, "umekuta amekuja na nini?"

"Matope."

"Na nini tena?"

"Anasema. Ukurasa mzima na nusu. Anasema alivyokosea, kitu kimoja kimoja. Anasema alipokuwa juu ya farasi hakuwa ameomba. Anamwambia akikataa ataondoka na hatamsumbua." Nikashangaa nilivyokuwa nimeshika yote. "Wewe ulisema tu, akamwomba."

"Nilikata." Aliwatupia jicho vijana wa kupakia. "Mwanamume kusema makosa yake mbele ya mwanamke, ukurasa mzima? Hawa wangenicheka mpaka nistaafu. Kwa hivyo kosa langu ujue ni lipi. Ng'ombe si kosa. Kosa ni kwamba nilikuwa na hayo maneno mkononi miaka yote hii na sikuwapa."

Lori likalia kwenye kona. Hakusema limefika. Alikaa tu, miwani mkononi, na mimi nikaondoka bila kumuaga.

Lakini siku hiyohiyo nilimwita shangazi yangu, mdogo wa baba, aliyekuwa esigani wetu, yaani mtu wa kwenda kati ya nyumba mbili na kurudi. Wiki hiyo mjomba wa Baba Moraa alikuwa ametuma neno kwamba wako tayari kuleta ng'ombe, mambo yaishe. Baba yangu alishaanza kukata nyasi za kuwalisha. Nikamwambia shangazi: "Waambie ng'ombe peke yao warudi nao. Aje kwa miguu, na aseme mwenyewe kwa mdomo wake."

"Mwana wangu, siku hiyo kijana hasemi. Wazee ndio wanasema. Yeye anakaa nyuma na kula."

"Basi atakula kwao."

Alienda. Alirudi siku ya nne, amechoka, akasema, "Amekubali. Wazee wake wamekataa, yeye amekubali. Sijui umemfanyia nini."

Walikuja Jumapili moja, wiki kadhaa baadaye. Ng'ombe walishuka ule mteremko wa kwetu wakiteleza, maana ilikuwa imenyesha, na Baba Moraa akiwa mbele yao kwa miguu, suruali ya harusi ya mtu mwingine imelowa matope. Wanawake walipiga vigelegele. Mama Akinyi alikuwa amefika na nusu ya kituo, wamejipanga ukutani kama wanangoja lori. Karani hakuwepo. Alikuwa amestaafu mwezi ule, mguu umemkataa, wamehamia Mosocho kwa binti yao.

Wazee walisema yao. Kisha mjomba wake akakohoa, akasema kwa uchungu, "Kuna kijana hapa anataka kuongea. Si desturi yetu."

Akasimama. Mikono ya fundi haijui pa kukaa, akaishika nyuma.

"Mama Moraa," akasema. "Nilikwambia uje na vitu vyako nikiwa juu, sikushuka. Nilifikiri mtu akishaingia nyumbani ameshajibu. Sikuwa nimeuliza. Umenichunia chai ya mama yangu, umenizalia, na mimi nikakuandikia kwamba mtoto amezoea." Hapo akainua uso. "Sasa nauliza. Ukikataa, hawa ng'ombe nitawarudisha mwenyewe kwa miguu, na mtoto nitamlea popote alipo, na sitakusema vibaya kwa mtu."

Mzee mmoja alisema chini chini, "Haya ni mambo gani."

Shangazi akanigeukia, kama desturi inavyotaka. "Umesikia. Hawa watu unawajua? Tupokee ng'ombe wao?"

Mkononi nilikuwa na kikombe cha chai. Miaka mitatu nimechuna majani hayo, na sikumbuki siku niliyokunywa kikombe nikiwa nimeketi, chenye moto, mpaka mwisho. Nikasema, "Nimesikia. Nitajibu nikimaliza chai yangu."

Nikainywa. Polepole. Wazee kumi na moja, ng'ombe, baba yangu, mwanamume amesimama na matope yake, wote wananingojea mimi. Wale wa ukutani hawakupumua. Na nilijua, kwa hakika kama ninavyojua jina la mtoto wangu, kwamba naweza kusema lolote. Kikombe kilipoisha nikakigeuza juu chini kwenye sahani.

"Wapokeeni," nikasema.

Mama Akinyi alilia kwa hasira. "Na nilikuwa nimekubetia kwamba utakataa," akaniambia baadaye.

Mwezi uliopita nilikwenda Mosocho kumwona Karani. Hatukuwa tumesema neno tangu siku ile ya ng'ombe wa kitabuni. Nilimkuta sebuleni, mguu juu ya stuli, mume wake pembeni akishona soli, ule mwavuli umetundikwa mlangoni. Nilimbebea ndizi, na kile kitabu changu chenye jalada zima. Alikipokea, akakipapasa, akakiweka chini ya mto bila kukifungua.

"Keti," akasema. "Nisimulie."

"Si uliambiwa? Nyamira nzima inajua."

"Nimeambiwa na watu wanne. Wote hawajui kusimulia. Anza na mteremko."

Nikaanza na mteremko. Aliuliza kama matope yalifika magotini, nikasema yalifika. Nilimpa maneno ya Baba Moraa yote, sikukata hata moja, na fundi viatu aliacha kushona akasikiliza, nyundo imesimama hewani. Nikafika kwa shangazi. Nikafika kwenye kikombe.

"Ngoja," Karani akasema. "Ulikuwa umekunywa kiasi gani?"

"Nusu."

"Na wote wamesimama?"

"Wote wanaona nikinywa."

Akafumba macho. Tabasamu likaja taratibu, na nje hapakuwa na sauti yoyote ila kuku.

"Basi acha hapo," akasema. "Lori limefika."